Safari ya Jua Ndani ya Uzi wa Kioo

Mwaka 1841, mjini Geneva, mwanafizikia Daniel Colladon alikuwa na tatizo la darasani. Alitaka kuwaonyesha wasikilizaji wake jinsi maji yanavyojipinda yakitoka kwa kasi kwenye tundu la tangi, lakini ukumbi ulikuwa na giza na waliokaa nyuma hawakuona kitu. Akaamua kulitumia jua. Aliingiza miale yake kwa bomba hadi kwenye meza ya mhadhara, akaikusanya kwa lenzi, akailenga ndani ya tangi ili itokee kwenye tundu lilelile lililotoa maji.

Mwanga haukunyooka kwenda ukutani kama mtu angetarajia. Ulinaswa ndani ya maji, ukafuata tao lake kuelekea chini, na mchirizi mzima ukang'aa gizani. Maji yalipogonga chini na kutawanyika, ndipo mwanga nao ulipotoka. Colladon aliandika habari za jaribio hilo mwaka uliofuata, katika jarida la Chuo cha Sayansi cha Ufaransa. Baadaye alilirudia mara nyingi kwa taa ya umeme, kwa kuwa taa haikutegemea mawingu. Hata hivyo, mwanga wa kwanza kusafirishwa kwa njia hiyo mbele ya hadhara ulikuwa wa jua.

Siri yake ilikuwa imekwisha kuonwa. Mwanga ukisafiri ndani ya maji au kioo na kuufikia mpaka wa hewa kwa kuupapasa ubavuni, hautoki nje; unarudishwa wote ndani, tena na tena, hadi mwisho wa njia. Johannes Kepler aliligundua jambo hilo katika kioo mwaka 1611. Kilichoongezwa na Colladon ni kuonyesha kwamba njia yenyewe inaweza kupinda na mwanga ukapinda nayo. Mjini Paris, Jacques Babinet naye aliona kuwa fimbo za kioo zilizokunjwa hufanya vivyo hivyo, akapendekeza zitumike kumulika ndani ya kinywa cha mgonjwa.

Sifa, hata hivyo, ilimwendea mtu mwingine. John Tyndall alionyesha mchirizi wa maji unaong'aa kwenye Taasisi ya Kifalme ya London mwaka 1854. Alikuwa mhadhiri hodari na vitabu vyake vilisomwa sana, hivyo kwa zaidi ya miaka 100 vitabu vingi vilimtaja yeye kuwa mwanzilishi. Haki ni kumtanguliza Colladon.

Karne hiyohiyo ilikuwa na njaa kubwa ya mwanga majumbani. Uingereza ilitoza kodi ya madirisha tangu 1696 hadi 1851, na wenye nyumba wengi waliziba baadhi ya madirisha yao kwa matofali ili kuikwepa. Ufaransa iliweka kodi kama hiyo mwaka 1798 na kuifuta 1926 tu. Wakati huohuo miji ilizidi kubanana. Maduka yalirefuka kuelekea nyuma, maghala yakachimbwa chini ya barabara, na mshumaa au taa ya gesi ikala hewa, ikatoa joto na wakati mwingine ikasababisha moto. Aliyeweza kupeleka jua mahali pasipo na dirisha alikuwa na soko linalomsubiri.

Mafundi wa meli walikuwa na dawa yao: kipande kinene cha kioo kilichochongwa na kupachikwa kwenye sitaha, kikaangaza chumba cha chini pasipo moto. Mwaka 1845 Thaddeus Hyatt wa New York alipata hataza ya mifuniko ya chuma iliyopachikwa vioo, iliyowekwa kwenye njia za waenda kwa miguu ili kuangaza vyumba vilivyo chini ya ardhi. Mwishoni mwa karne, kampuni ya Luxfer ya Chicago iliuza vigae vya kioo vyenye mikato ya pembetatu kwa nyuma. Kikipachikwa juu ya dirisha la duka, kigae kiliupokea mwanga wa angani na kuusukuma hadi nyuma kabisa ya chumba. Frank Lloyd Wright, wakati huo akiwa bado msanifu kijana, alichora nakshi za baadhi ya vigae hivyo.

Vioo hivyo vilifanya kazi karibu na ukuta wa nje au paa tu. Kwa chumba kilichozungukwa na vyumba vingine havikuwa na msaada.

Hapo ndipo anapoingia William Wheeler, mhandisi wa Concord, Massachusetts. Mwaka 1876, akiwa na umri wa miaka 24, alikwenda Japani pamoja na mwalimu wake William Clark kuanzisha Chuo cha Kilimo cha Sapporo. Clark alipoondoka mwaka uliofuata, Wheeler alishika uongozi wa chuo. Aliporudi nyumbani, taa ya kusisimua watu ilikuwa taa ya tao la umeme, yenye ukali ambao macho ya watu sebuleni yasingeweza kuuvumilia. Wheeler aliwaza hivi: kama maji yanatoka kwenye tangi moja na kugawiwa nyumba nzima kwa mabomba, kwa nini mwanga usigawiwe vivyo hivyo? Aliomba hataza mwaka 1880 na akaipata 1881. Mchoro wake unaonyesha taa moja kali katika chumba cha chini, na mabomba yenye ngozi ya ndani inayoakisi yakipanda ukutani na kufunguka katika kila chumba.

Nyumba za namna hiyo hazikuenea. Balbu ya Thomas Edison ilikuwa imekwisha kuonyeshwa mwaka 1879. Ilikuwa ndogo, tulivu, na ilihitaji waya mwembamba tu kuifikisha popote. Aidha, bomba linaloakisi hupoteza mwanga kila mwale unapogonga ukuta wake, na kila kona huongeza hasara. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa wazo la kusafirisha mwanga kushindwa na taa iliyo rahisi zaidi. Haikuwa mara ya mwisho.

Katika karne ya 20, uzi wa kioo uliendelezwa na watu waliotaka kuona ndani ya mwili wa binadamu. Mwaka 1930, mjini Munich, mwanafunzi wa udaktari Heinrich Lamm alifunga nyuzi za kioo pamoja na kufanikiwa kupitisha taswira ya waya wa balbu. Mwaka 1954 Harold Hopkins na Narinder Singh Kapany, kijana wa Punjab aliyekuwa akisoma London, walichapisha katika jarida la Nature taarifa ya fungu la nyuzi lililobeba picha. Ugumu ulikuwa kwamba nyuzi zilizogusana zilivujishiana mwanga, na mkwaruzo mdogo au mafuta ya vidole yaliutorosha nje. Katika Chuo Kikuu cha Michigan, mwanafunzi Lawrence Curtiss alitatua shida hiyo mwishoni mwa 1956 kwa kuvuta uzi wenye moyo wa kioo cha aina moja na ganda la kioo cha aina nyingine. Miezi michache baadaye Basil Hirschowitz, daktari aliyezaliwa Afrika Kusini, alitumia nyuzi hizo kutazama ndani ya tumbo la mgonjwa. Wazo hilo la ganda bado limo katika karibu kila uzi wa namna hiyo, yaani faiba, unaotengenezwa leo.

Bado uzi huo ulifaa kwa mita chache tu. Mwaka 1966, huko Harlow, Uingereza, Charles Kao na George Hockham walitoa hoja kwamba kosa halikuwa la kioo bali la uchafu uliomo ndani yake. Kikisafishwa vya kutosha, walisema, kioo kingeweza kubakiza asilimia 1 ya mwanga baada ya kilomita nzima, na hiyo ingetosha kwa simu. Mwaka 1970 wanasayansi watatu wa kampuni ya Corning, Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz, walikivuka kiwango hicho. Kutoka hapo zikaja kebo za baharini. Mwaka 2009, ambao Kao alipewa Tuzo ya Nobeli, kebo ya SEACOM ilianza kazi ikiwa imetua Mombasa na Dar es Salaam, na Afrika Mashariki ikaanza kupata intaneti kwa miale ya mwanga ndani ya kioo.

Kuanzia 1970, basi, uzi ulikuwepo. Wazo la Colladon likarudi: je, jua lenyewe linaweza kupita humo?

Msukumo uliletwa na bei ya mafuta. Baada ya vikwazo vya Oktoba 1973, bei ya pipa iliongezeka takriban mara 4 katika miezi michache. Japani, isiyo na mafuta yake, iliathirika vibaya, na watafiti wake wakageukia jua. Mwaka 1976 D. Kato na T. Nakamura walichapisha hesabu za kusafirisha nishati ya jua kwa nyuzi za kioo. Muda mfupi baadaye profesa Kei Mori wa Chuo Kikuu cha Keio, mtoto wa Taikichiro Mori aliyeanzisha kampuni ya majengo ya Mori Building, aliunda mtambo uliofanya kazi juu ya paa. Aliuita Himawari, yaani alizeti.

Mori alikuwa na vikwazo vitatu mbele yake. Kwanza, jua la mchana hutoa mwanga mwingi, hadi laksi 100,000 katika anga safi ilhali ofisi huridhika na 500, lakini limetandazwa juu ya eneo kubwa na ncha ya uzi ni ndogo mno. Lazima likusanywe. Pili, jua halitulii. Linasogea digrii 15 kila saa, na kitone kilichokusanywa na lenzi husogea nalo hadi kikaikosa ncha ya uzi. Tatu, karibu nusu ya nishati ya jua ni joto lisiloonekana kwa macho. Ukilikusanya pamoja na mwanga unaweza kuunguza kile unachotaka kukiangaza.

Suluhisho lake la joto linastahili kusifiwa. Lenzi ya kawaida ina ila inayojulikana na kila mpiga picha: haikusanyi rangi zote mahali pamoja. Miale ya urujuanimno hukutana karibu na lenzi, mwanga unaoonekana hukutana mbele kidogo, na miale ya joto hukutana mbali zaidi. Wengine hutumia fedha nyingi kuiondoa ila hiyo. Mori aliitumia. Aliweka ncha ya uzi wa kwatzi pale hasa mwanga unaoonekana unapokutana, hivyo sehemu kubwa ya joto na ya urujuanimno, ambayo huunguza ngozi na kuchujua vitambaa, ikapita kando ya ncha na kubaki juu ya paa. Kilichoshuka chumbani kilikuwa mwanga mweupe usio na joto kali.

Mtambo wenyewe ni kundi la lenzi za pembe sita zilizopangwa kwa kushikana ndani ya kuba la plastiki angavu linalozuia vumbi na mvua. Vihisi hulitazama jua na mota hugeuza lenzi zilifuate. Wingu likitanda, saa na hesabu za ndani huendelea kukadiria mahali jua lilipo, ili likichomoza tena lenzi ziwe tayari zinalielekea. Kila lenzi ina uzi wake, na nyuzi zikifungwa pamoja hushuka kama kebo moja nyembamba inayopita penye nafasi ambayo bomba la Wheeler lisingepita.

Mori hakuishia kwenye taa za vyumba. Mwaka 1985 alieleza jinsi mwanga huo unavyoweza kupelekwa ndani ya tangi la maji kukuza mwani, mimea midogo inayotoa oksijeni na chakula, na alifikiria matumizi yake hata angani kwa wasafiri wa muda mrefu. Himawari ziliuzwa Japani na nje yake, lakini bei yake ilizifanya zibaki kwa wenye uwezo.

Wamarekani walijaribu kuishusha bei hiyo. Mji wa Oak Ridge, Tennessee, ulijengwa kwa siri wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kwa ajili ya urani ya bomu la atomiki. Katika maabara yake ya taifa, kikundi kilichoongozwa na Jeff Muhs kilianza miaka ya 1990 kutafuta njia ya kuangaza maduka na ofisi. Majengo hayo huwasha taa mchana kutwa, saa zilezile jua linapowaka kwa nguvu juu ya paa. Muhs alisema kulibadili jua kuwa umeme kwa seli ambazo wakati huo zilipoteza zaidi ya asilimia 80 ya nishati yake, kisha kuubadili umeme huo kuwa mwanga tena kwa taa ambayo nayo inapoteza, ni njia ndefu bila sababu. Apelekewe mtu mwanga wenyewe.

Badala ya lenzi nyingi, walitumia sahani moja ya kioo cha kuakisi yenye upana wa takriban mita 1.2. Kioo cha pili kidogo kiliutenganisha mwanga na joto na kuuelekeza kwenye fungu la nyuzi 127 za plastiki, kila moja ikiwa na unene wa milimita 3. Jua likiwa kali, sahani moja ilipeleka ndani karibu lumeni 50,000, zaidi ya balbu 50 za wati 60, na kuangaza eneo la mita za mraba 93 hivi. Nyuzi ziliishia kwenye fimbo za akriliki zilizolala ndani ya taa zilezile za mirija. Kihisi kilipima mwanga: wingu likipita, mirija iliongeza nguvu, jua likirudi, ilipungua. Ndiyo maana mfumo huo uliitwa taa mseto.

Mwaka 2004 kampuni ya Sunlight Direct iliundwa kuuza teknolojia hiyo, na mitambo ya majaribio ikafungwa kwenye jumba la makumbusho ya sayansi na nishati la Oak Ridge, kwenye shirika la umeme la Sacramento, California, na kwenye duka la Wal-Mart huko McKinney, Texas. Ulaya nayo haikubaki nyuma. Mjini Gothenburg, Sweden, kampuni ya Parans ilianzishwa mwaka 2002 na kuunda paneli za lenzi ndogo na kebo za faiba kwa ajili ya ofisi, katika nchi ambayo wakati wa baridi jua huonekana kwa saa chache tu.

Ushahidi wa jinsi uzi huo unavyoweza kubeba nguvu ulitoka jangwani Negev. Mwaka 2003 Jeffrey Gordon na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ben-Gurion, Israel, walichapisha katika Nature matokeo ya upasuaji uliofanywa kwa jua. Sahani ndogo nje ya jengo ilikusanya miale, faiba ikaipeleka ndani, na miale hiyo ikaunguza sehemu iliyolengwa ya ini la panya kama leza ya hospitali inavyofanya. Nia yao ilikuwa kupata mbadala wa leza ghali kwa nchi zenye jua kali na fedha chache, ingawa upasuaji kama huo hauwezi kufanyika siku ya mawingu.

Wakati huohuo taa mpya ilikuwa ikiingia sokoni. Mwaka 1993 Shuji Nakamura wa kampuni ya Nichia, Japani, alitoa LED ya buluu yenye mwanga mkali, na kutokana nayo ikapatikana LED nyeupe. Yeye pamoja na Isamu Akasaki na Hiroshi Amano walipata Nobeli mwaka 2014. Kufikia wakati huo taa za LED zilikuwa zikitoa zaidi ya lumeni 100 kwa kila wati, na bei ya paneli za umeme wa jua ilikuwa imeporomoka. Hoja ya Muhs ikapoteza nguvu. Njia ndefu ya paneli, waya na LED ilikuwa imekuwa nafuu kuliko njia fupi ya kioo, mota na faiba. Na umeme unaweza kuwekwa kwenye betri hadi usiku, jambo ambalo uzi wa mwanga hauliwezi. Nyuzi za plastiki zina udhaifu wao pia: kila mita hula asilimia kadhaa ya mwanga, safari ikirefuka rangi huelekea kijani, na joto likizidi zinayeyuka. Yaliyompata Wheeler yakawapata pia Mori na Muhs.

Hata hivyo, kuna sababu ya kutolizika wazo hili. Mwaka 2002 David Berson wa Chuo Kikuu cha Brown na wenzake walieleza chembe za jicho ambazo kazi yake kuu si kuona picha, bali kuuarifu ubongo kuwa ni mchana au usiku. Huzindua saa ya mwili, ile inayopanga usingizi, homoni na joto la mwili. Mfanyakazi anayeshinda chini ya taa hafifu tangu asubuhi hadi jioni huunyima mwili wake habari hiyo. Mwanga unaoshuka kwa faiba hubadilika jua linapopanda na kushuka, na wingu likipita, aliye chini ya ardhi hulijua.

Hamu ya mwanga wa namna hiyo ndiyo iliyowasukuma James Ramsey na Dan Barasch wa New York. Chini ya mtaa wa Delancey, upande wa Lower East Side, kuna kituo cha tramu kilichofunguliwa mwaka 1908 na kutelekezwa tangu 1948. Walitaka kukigeuza bustani ya umma chini ya ardhi, wakaipa jina Lowline. Michango ya wananchi ilianza kukusanywa mwaka 2012. Wazo la kwanza lilikuwa kushusha jua kwa faiba. Walipofungua maabara yao Oktoba 2015 walitumia vioo vya paani na mabomba ya kuakisi yaliyoboreshwa, jamaa wa karibu wa bomba la Wheeler. Mimea zaidi ya 3,000 ilistawi ndani ya ghala lisilo na madirisha, na watu walifurika kuiona hadi ilipofungwa mwaka 2017. Serikali ya jiji ilitoa kibali cha awali Julai 2016. Fedha za ujenzi hazikupatikana, na mwaka 2020 mradi ulisimamishwa.

Historia hii inaonyesha waziwazi mahali pa faiba ya jua. Kama taa ya kupunguza ankara ya umeme imeshindwa, na hakuna dalili kwamba itaishinda LED. Kama njia ya kuwapa watu mchana wa kweli mahali ambapo dirisha haliwezekani, kama vile wodi zilizo katikati ya hospitali kubwa, vituo vya treni za chini na ofisi za ghorofa za chini ya ardhi, bado ina nafasi yake. Wasanifu wa majengo wa Nairobi na Dar es Salaam, ambao jua liko juu ya vichwa vyao mwaka mzima, wana jambo la kuzingatia hapa. Wanapochora mnara wenye vyumba vya ndani visivyoona nje, waanze na dirisha na uwazi wa katikati ya jengo, wafuate na kioo cha paani, na pale hivyo vyote vinapokwama, waulize bei ya uzi wa kioo kabla ya kumhukumu mtu kufanya kazi miaka yake yote bila kuliona jua.